LUKU hairudi nyuma: sola ya juu ya bati na mafundi wa mkato

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nyumba yangu iko Ilazo, hapa Dodoma, na ina umeme wa TANESCO. Nimenunua paneli 10 za wati 550 na inveta ya kilowati 5, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa soketi. Fundi anasema kibali hakihitajiki: atachomeka inveta kwenye soketi ya sebuleni, LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, itarudi nyuma, na umeme wa ziada TANESCO watanilipa. Ni kweli? (Msomaji, Ilazo)

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza huyo fundi asiguse soketi yoyote.

La kibali ni jepesi. Sola ya matumizi ya nyumbani isiyogusana na laini ya TANESCO haihitaji leseni ya kuzalisha umeme. Anayedaiwa leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni huyo anayekufungia. Ila paneli 10 za aina hiyo ni karibu kilo 280, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe. Kama kenchi zitaguswa au fremu itanyanyuliwa juu ya bati, muone mhandisi wa majengo wa jiji mapema.

Linaloniudhi ni hilo la LUKU kurudi nyuma. Nalisikia karibu kila wiki, kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni. Mita nyingi za kulipia kabla zinahesabu umeme unaopita, uwe unaingia au unatoka. Maana yake umeme wa jua lako, ukitoka kwenda kwenye nguzo, unaweza kukukata uniti ulizozinunua wewe mwenyewe. Wakati mwingine mita inajifunga kabisa kana kwamba imechezewa. Fundi akikuonyesha uniti zimesimama mchana, hajafanya muujiza: friji yako imekula sola, basi.

Kuuza au kubadilishana umeme na TANESCO kupo, na kuna kanuni zake tangu 2018. Lakini kunaanza na maombi, makubaliano na mita inayosoma pande mbili. Hakuanzi na plagi.

Kuna nyumba moja nilikuta waya wenye plagi dume pande zote mbili, katikati umeungwa na kuzungushiwa solatepu nyeusi. Upande mmoja ukichomolewa wakati inveta inawaka, vyuma vile vya plagi vina volti 230, na mtoto wa miaka mitatu anatambaa pale chini. Halafu hesabu mwenyewe: inveta ya kilowati 5 inatoa karibu ampea 22, soketi imetengenezwa kwa ampea 13. Inayeyuka taratibu, nyuma ya sofa, usikoona.

Na umeme ukikatika? Inveta sahihi ya kuungwa na gridi, yaani mtandao wa TANESCO, inajizima yenyewe. Hizi za bei poa za betri hazijui hilo, zinaendelea kusukuma. Umeme unatoka nyumbani kwako, unaingia transfoma ya mtaa kwa nyuma, na transfoma haichagui upande: inaupandisha hadi maelfu ya volti kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anaamini imekufa. Umeme ukirudi ghafla, inveta inakutana na gridi isiyoendana nayo, na hapo ndipo watu huniletea inveta zilizonuka moshi wakiniuliza kama garanti ipo.

Njia salama si ghali kiasi hicho. Taa, friji na televisheni zitengewe saketi zake, kisha ifungwe swichi ya kubadili chanzo, ile mafundi wanayoiita chenjiova, inayokatisha upande mmoja kabla ya kuunga mwingine. Jua au TANESCO, kamwe si vyote kwa pamoja.

Kabla hujampa hata shilingi, mwombe leseni yake ya EWURA, usome daraja na tarehe ya kuisha. Kisha muulize: TANESCO wakikata, inveta hii inafanya nini? Akisema itaendelea kuwasha nyumba, muulize ni swichi gani itakayozuia umeme usitoke nje. Akianza kukuna kichwa, mpe nauli ya bodaboda.