Jibu: Vidole vya mzee na kamera ya harusi

Waalaykum salaam, ndugu wa Wete. Umeuliza mzee wako afanyeje, maana baridi yabisi imemkamata vidole na kamera ya harusi haishikiki tena. Asiache kazi. Mara nyingi kinachoumiza zaidi si kule kubonyeza, ni kuibana kamera muda wote isidondoke. Basi uzito utoke mikononi: mkanda mpana wa kupitisha begani kimshazari, na stendi ya mguu mmoja, ile anayoweza kuzunguka nayo mpaka kwa biharusi. Halafu mtafutieni rimoti ndogo ya Bluetooth inayokubaliana na kamera yake. Anaifumbata kiganjani na kuibonyeza kwa dole gumba, au hata kwa kifundo cha kidole. Akitumia simu, nyingi zinapiga picha kwa kitufe cha sauti, na zina taima ya sekunde 3 au 10. Lenzi nzito ya kuvuta mimi ningeiuza nikachukua ndogo isiyovuta, nikasogea kwa miguu. Asubuhi vidole vikikaza, aviloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Bahati yake nikaha nyingi huku ni za alasiri! Ila viungo vikivimba na kupata moto, mpelekeni hospitali, msingoje.