Ati digrii moja milioni 7?

SWALI: Asalaam aleykum mhariri. Mimi ni mama niko Kisauni, Mombasa, mume wangu kibarua bandarini na mie nauza mahamri na viazi karai. Juzi kaja ajenti wa bima akanambia mwanangu, sasa ana miaka 4, akifika chuo digrii ya miaka minne itanigharimu milioni 7. Na mtoto wa mamangu mdogo yuko chuo saa hizi, kozi yake aliambiwa ni laki 2 kwa mwaka. Hizo milioni 7 zatoka wapi jamani? Na niweke ngapi kwa mwezi? Sina raha kabisa. – Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam dadangu. Hiyo hesabu najua ilivyopigwa. Ajenti kachukua laki 2 akaipandisha pasenti 15 kila mwaka kwa miaka 14, hapo mwaka wa kwanza tu wa chuo ushafika milioni 1.4, ukijumlisha minne ikizidi kupanda hivyo hivyo wapata 7. Sasa tumia pasenti 10, inashuka milioni 3 na nusu. Tumia 6, haifiki hata milioni 2. Mtoto ni huyo huyo na kozi ni hiyo hiyo, kilichobadilika ni namba moja ambayo ajenti kaichagua mwenyewe na hakukwambia! Benki Kuu yetu ya Kenya yalenga bei za vitu zipande kati ya pasenti 2.5 na 7.5 kwa mwaka, kwa hivyo 15 miaka 14 mfululizo mimi naiona ni ya kukutisha utie saini.

Lakini sikwambii ukae tu, kwa sababu karo haipandi kidogo kidogo kila mwaka, inakaa halafu inaruka siku serikali ikibadilisha sera. Hapa kwetu mwanafunzi wa serikali alilipa 16,000 kwa mwaka, miaka nenda miaka rudi, mpaka 2023 ukaja mfumo mpya wa skolashipu, mkopo na mchango wa familia, ndipo wazazi wakaanza kusikia bei halisi ya kozi. Uingereza vile vile, 1998 walianza na pauni 1,000, 2006 ikawa 3,000, 2012 ikaruka 9,000, halafu 2017 wakaongeza 250 peke yake. Hakuna pasenti moja ingetabiri hiyo. Ndo maana mi nasema piga hesabu kwa 6 halafu weka na nafasi ya mruko mmoja, yaani lenga kama milioni 3, na kila sera ikibadilika piga upya.

Na hiyo milioni 3 si yote itoke kwa mahamri. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, iko, riba yake pasenti 4, na skolashipu hutegemea hali ya familia. Halafu mtoto akisoma TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, hapo Tudor atalala nyumbani ale kwako, hilo peke yake ni pesa nyingi sana maana wengi kinachowamaliza ni nyumba na chakula.

Kwa mwezi, tuseme waweza 3,000. Ukiziweka chini ya godoro miaka 14 ni laki 5 na kidogo, zikikaa mahali panapozaa pasenti 8 kwa mwaka zafika kama laki 9. Sacco ni pazuri, bondi za serikali, yaani waikopesha serikali ikulipe riba, nazo waanza na 50,000, na kama hutaki riba benki za Kiislamu zipo hapa mjini, uliza akaunti ya mtoto. Mwezi mbaya weka 500, usiache kabisa.

Ajenti akirudi usitie saini siku hiyo hiyo. Mwambie aandike kwa karatasi katumia pasenti ngapi, na ukikwama ukaacha kulipa mwaka wa tatu utarudishiwa shilingi ngapi. Hilo la pili lishikilie sana, asikupite kwa maneno matamu. Akikuandikia nitumie nikusomee.