Shangazi wa Waya: Nihame kampuni au nibadilishe rauta?

Barua nyingi za mwezi huu ni za watu wanaotaka kuhama kampuni ya intaneti. Moja nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ina mambo ya wengi, mbili kwa kifupi.

Habari za kazi, Fundi. Nyumba yangu iko Kinyerezi, vyumba vinne na kibanda cha wageni uani. Tangu 2018 natumia intaneti ya kisahani kilichofungwa juu ya bati, kifurushi cha Mbps 20 (megabiti kwa sekunde). Mchana afadhali, ila ikifika saa mbili usiku taarifa ya habari inazunguka tu kwenye runinga na wajukuu wanagombana. Sasa kampuni nyingine imepitisha faiba, ule waya wa nyuzi za kioo, kwenye nguzo za mtaa wetu, na kijana wao wa mauzo amekuja na fomu mpaka barazani. Mwanangu aliyeko Mwanza anasema nisihangaike, ninunue tu rauta ya Wi-Fi 7 Kariakoo. Rauta yangu ni nyeupe, ina antena mbili, imeandikwa 300 Mbps. Nifuate la nani? *Mwalimu mstaafu, Kinyerezi*

Shikamoo Mwalimu. Kijana anauza alichonacho, na mwanao yuko mbali. Hakuna kati yao aliyepima, na wewe usitoe hata shilingi kabla ya kupima.

Saa mbili usiku, muda uleule wa ugomvi, chukua kompyuta mpakato uichomeke kwenye rauta kwa kebo. Wengine wote wazime Wi-Fi kwenye simu zao, na runinga izimwe. Pima kasi kwa tovuti ya kupimia kasi. Kisha chomoa kebo, pima kwa Wi-Fi hapohapo ulipo, halafu nenda chumba cha mwisho upime tena. Yaandike majibu yote matatu kwenye daftari, Mwalimu, hilo sikufundishi.

Kwa kebo ukipata 17 au 18, kampuni yako inakupa ulicholipia na ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ukipata 4, basi rauta ya bei yoyote haitakusaidia, maana njia ya kuja kwako ndiyo iliyobanwa. Huenda mnara unaokuhudumia umebeba wateja wengi kuliko uwezo wake, na usiku wote wako nyumbani. Au kuna mti. Kisahani kinatakiwa kiuone mnara bila kizuizi, na mwembe wa jirani wa 2018 si mwembe wa leo. Toka nje utazame juu kabla hujamlaumu mtu.

Nahisi utakuta yote mawili: njia iliyobanwa na ugonjwa wa ndani. Rauta za umbo hilo, nyeupe za antena mbili zenye 300, karibu zote zinatumia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Humo njia zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Majirani wakirudi kazini, rauta za mtaa mzima zinagombea njia hizo tatu. Hiyo 300 ni hesabu ya maabara. Tena geuza rauta uangalie nyuma: matundu ya kebo kwenye nyingi za aina hiyo yana kikomo cha Mbps 100. Ukifungiwa faiba ya 200 ukaipitisha humo, nusu ya uliyolipia inaishia hapo.

Kuhusu kuhama: ningekuwa wewe ningehamia faiba, hata kama kipimo cha kebo kitatoka kizuri. Faiba haijali masika wala mwembe, na kasi ya kupandisha vitu kwa kawaida ni bora kuliko ya kisahani, jambo utakaloliona ukiongea na huyo mwanao kwa video. Ila si kwa fomu ya barazani. Kwanza mtafute jirani aliyekwishafungiwa, umuulize hali ya saa mbili usiku, na wakipotea hewani wanarudi baada ya muda gani. Jibu lake lina uzito kuliko kipeperushi. Kisha mbane kijana: gharama ya kufunga ni kiasi gani, mkataba unakufunga miezi mingapi, bei ni pamoja na kodi, kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikipita kasi inashushwa? Na kifaa ni chako au cha kuazimwa? Akisema "rauta ni ya bure, mzee", mwambie aandike.

Usidanganyike na kasi kubwa. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD kamili inahitaji Mbps 5, na ya 4K 15. Kwa nyumba yako, 30 au 40 za uhakika zinatosha kabisa.

Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao wa simu hapa nchini na kubaki na namba yake. Intaneti ya nyumbani haihami hivyo. Akaunti mpya unafungua wewe na ya zamani unaifunga wewe, kwa hiyo ziache zote mbili zitembee pamoja kwa muda, hata kama inauma kulipa mara mbili. Faiba ikishapita usiku kadhaa bila kukwama, ndipo uandike barua ya kusitisha huku, urudishe vifaa vyao kama ni vyao, udai risiti. Wakiendelea kukudai baada ya hapo, lalamika kwao kwanza kwa maandishi. Wasipokusikiliza, peleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Mawasiliano Towers pale Sam Nujoma, ukiwa na nakala.

Sasa rauta. Wi-Fi 7 ilianza kuidhinishwa rasmi Januari 2024, na ili uifaidi lazima na simu ziwe za Wi-Fi 7. Za wajukuu sidhani. Tafuta Wi-Fi 6, iliyopo tangu 2019. Inatumia 2.4 na 5 GHz, inahudumia vifaa vingi kwa pamoja bila kuvipanga foleni ndefu, na ina ulinzi wa WPA3. Hakikisha matundu ya kebo ni ya gigabiti, yaani Mbps 1000. Idadi ya antena isikushughulishe. Nimeona za antena sita zilizo ovyo. Na kabla ya kwenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, angalia kampuni mpya wanakufungia kifaa gani, maana baadhi sasa wanatoa chenye Wi-Fi 6 tayari.

Pesa itakayobaki, nunua kebo. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini hayapendi kuta za tofali za saruji, na uani hayatafika. Vuta kebo ya Cat5e mpaka kwenye kibanda cha wageni, na huko mwisho uweke ile rauta nyeupe: izimie ugawaji wa anwani, yaani DHCP, na kebo iingie kwenye tundu la LAN, si la WAN. Wageni watapata intaneti, nawe hujatupa kitu. Rauta kuu iweke katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na kioo kikubwa. Mafundi wengi wanaiacha pale waya ulipoingilia, kwa kawaida nyuma ya runinga, kwa sababu wana haraka ya kwenda nyumba nyingine. Mkatalie.

Siku ya kuwasha, ipe rauta mpya jina lilelile la Wi-Fi na nenosiri lilelile la zamani. Simu, runinga na kamera ya geti vitajiunga vyenyewe, wala hutakesha ukiandika nenosiri kwa rimoti. Kamera ikigoma, nyingi zinajua 2.4 GHz na WPA2, ule ulinzi wa zamani, tu, basi kwenye mipangilio chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Nenosiri la kuingilia kwenye rauta yenyewe, lile la "admin", hilo libadilishe siku hiyohiyo.

Shikamoo Shangazi. Nina faiba Mbezi Beach. Nimenunua rauta nzuri, nataka niitupe hii ya kampuni na niweke yangu. Fundi wao anasema haiwezekani. Ananizuga? Na umeme ukikatika, nifanyeje nibaki hewani? *Mhariri wa video, Mbezi Beach*

Marahaba. Hakuzugi. Kifaa chenye waya mwembamba wenye kichwa cha kijani si rauta tu, ni modemu ya faiba, na mtambo wa kampuni unakitambua kwa namba yake. Kiache. Waombe wakiweke katika hali ya briji, yaani kipitishe intaneti tu na rauta yako ndiyo igawe, kisha chomeka rauta yako kwayo kwa kebo. Kama intaneti yao inaingia kwa jina na nenosiri, waombe hayo pia. Wakikataa briji, zima Wi-Fi ya kifaa chao na utumie ya kwako; kwa kazi yako ya kutuma video haitakusumbua. Waya ule usiukunje kona kali wala usiupigie misumari. Taa nyekundu ya LOS ikiwaka, mwanga haufiki, waite wao. Na usiuchungulie ukiwa umechomolewa: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini ni leza.

Kuhusu TANESCO, mitandao mingi ya faiba ya majumbani haina mitambo ya umeme njiani kati yako na kituo chao, kwa hiyo ukiwa na umeme wako mara nyingi unabaki hewani. Zipo betri ndogo za rauta. Soma nyuma ya modemu na rauta: ikiwa 12V, betri itoe 12V, na ampia zisipungue zilizoandikwa. Ukichomeka 12V kwenye kifaa cha 5V utanunua kingine. Radi nayo: faiba ni kioo, haipitishi umeme, lakini waya wa nje huwa na uzi wa chuma wa kuubeba, na adapta imo ukutani. Ikinguruma, chomoa.

Shikamoo Shangazi. Nimepanga chumba na sebule Sinza, mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Rauta ya 5G ya laini itanifaa? *Mpangaji, Sinza*

Marahaba mwanangu. Itakufaa, na ukihama nyumba unaondoka nayo. Kwanza azima simu ya 5G yenye laini ya kampuni hiyo, upime dirishani kwako usiku, kwa sababu mtaa mmoja unashika na wa pili haushiki. Rauta ikae dirishani upande wa mnara, isiwe nyuma ya nondo nene. Uliza dukani kama imefungwa kwa laini yao tu. Kama imefungwa, jua kwamba siku ukiichoka kampuni utanunua na kifaa kingine, basi wapunguze bei sasa.