Si lazima mwanamke asimulie yote

Ndugu, umeuliza kama mwandishi anayeisimulia upya riwaya ya kale kwa jicho la mhusika wa kike analazimika kumwachia mwanamke huyo usimulizi wote. Kwa maoni yangu halazimiki. Katika Wide Sargasso Sea ya mwaka 1966, Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alimchukua Bertha, yule mke aliyefungiwa chumba cha darini katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847), akamrudisha utotoni Jamaika na kumpa jina la Antoinette. Sehemu ya kwanza anaisimulia mwenyewe, lakini ya pili, ambayo ndiyo ndefu zaidi, kwa kiasi kikubwa imeachwa mikononi mwa mumewe, Mwingereza asiyetajwa jina hata mara moja (nami naona kunyimwa jina huko ni kisasi kitamu). Tunamsikia akijitetea, akimbandika mkewe jina la Bertha ilhali mwenyewe halitaki, na kadiri anavyojieleza ndivyo anavyojianika. Basi katika riwaya uliyoichagua, tafuta kwanza mahali ambapo mwanamke anasemewa na wengine, uanzie hapo.