Vajra: silaha ya Indra, kifaa cha ibada cha Tibet

Ndugu, umeuliza kama kile kifaa kidogo cha shaba wanachoshika watawa wa Tibet wakisali ni silaha au pambo. Kinaitwa vajra, Watibeti hukiita dorje. Kwa Kisanskriti neno hilo ni radi, na pia ni almasi. Shika hizo maana mbili, maana zote zinafanya kazi.

Kwa Wahindu ilianza kama silaha kweli. Katika Rigveda, maandiko ya kale ya Wahindu, mungu fundi Tvashtar alimtengenezea silaha hiyo Indra, mungu wa ngurumo na mvua, naye Indra akaitumia kumuua Vritra, joka lililozuia maji. Masimulizi ya baadaye yanasema ilitengenezwa kwa mifupa ya mzee mwenye hekima, Dadhichi, aliyekubali kufa ili miungu ipate silaha. Mimi hapo huguswa sana: nguvu ile yote imetoka kwa mtu aliyejitoa mwenyewe.

Wabuddha waliipokea lakini hawampigi nayo mtu. Kwao ni akili iliyoamka, isiyovunjika kama almasi, inayopasua ujinga ghafla kama radi. Ndiyo maana Ubuddha wa Tibet huitwa Vajrayana, yaani njia ya vajra. Tazama mikono ya mtawa: kulia vajra, yaani huruma na njia ya kutenda, kushoto kengele, yaani hekima. Huwezi kuvitenganisha. Ncha za vajra zikiwa tano, huwakilisha Mabuddha watano, yaani walioamka watano wa mapokeo hayo.

Hata mji wa Darjeeling huko India, ule wa chai, jina lake hutolewa kwenye Dorje Ling, mahali pa dorje.