Thripsi wa kuvu: usimpe jina kabla hujamwona ndugu yake

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya wadudu hapa Moshi, nawajua: mkisikia thripsi, wale wadudu wembamba wadogo sana, akili inakimbilia kwenye maua ya maharage na shamba la vitunguu. Thripsi wanaokula kuvu hawako huko. Watafuteni kwenye tawi lililokauka likabaki juu ya mti, au kwenye majani makavu ya mgomba yanayoning'inia, pale ukungu ulipoota. Kinga sinia jeupe, gonga tawi mara mbili tatu, subiri vumbi litulie. Kitu cheusi chembamba, milimita 2 au 3, kitaanza kutembea bila haraka, mkia juu.

Ila kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, tawi kavu ni kuni. Siku yangu ya kwanza niligonga bila kupiga hodi. Bibi mwenye mji akatoka na panga mkononi: "Mjukuu wangu, kuni zangu zimekukosea nini?" Shikamoo ya kuchelewa haikunisaidia sana. Msitu wa Rau nao uko karibu, lakini ni hifadhi, kwa hiyo fuateni kibali mapema.

Mdudu mwokote kwa brashi laini yenye unyevu, umtie kwenye spiriti ya asilimia 60 hivi. Ya 95 humkakamaza, na papasi zake, zile pembe za kugusia kichwani, hutazinyoosha tena kwenye slaidi, kile kioo cha kuwekea mdudu chini ya hadubini.

Chini ya hadubini anza na mkia. Pingili ya mwisho ikiwa kama mrija, uko kwenye kundi la Tubulifera, ambao leo wana familia moja tu, Phlaeothripidae, yenye spishi zaidi ya 3,000. Jike wa kundi la pili, Terebrantia, ana kitagio chenye meno kama msumeno. Lakini mrija peke yake hauthibitishi kwamba anakula kuvu. Jenasi Hoplandrothrips wengi wao ni wa kuvu, na bado humo humo wamo wanaokunja majani ya mibuni yetu.

Kinachoamua zaidi ni sindano za mdomo, zile mnazoziona ndani ya kichwa. Nyembamba, mikroni 2 au 3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ni za Phlaeothripinae, tawi moja la familia hiyo. Walio wa kuvu kati yao hufyonza nyuzi zake. Pana, mikroni 5 kwenda juu, ni za Idolothripinae, tawi lake la pili, ambao humeza spora, yaani mbegu za kuvu, nzima nzima. Spora hizo huonekana tumboni, mradi hujamsafisha kwa kostiki soda. Mimi nilisafisha wote kwa kupenda slaidi inayong'aa, nikamwaga ushahidi kwenye sinki. Acheni wawili watatu kama walivyo.

Sasa madume, maana hapa ndipo nilipoaibika. Kutoka tawi moja la mparachichi niliandika spishi nne: wenye mapaja ya mbele manene kama wanyanyua vyuma, wa wastani, wembamba wanaofanana na majike, na mmoja asiye na mabawa. Msimamizi wangu hakusema neno. Alizipanga slaidi zangu kwa ukubwa wa mdudu, mdogo hadi mkubwa, akanisogezea hadubini. Mapaja yalinenepa hatua kwa hatua, hakuna mahali pa kukata. Spishi moja! Kwa baadhi yao madume wakubwa hupigania majike, ndiyo maana ya misuli ile. Na mwenye mabawa na asiye nayo huweza kuwa ndugu wa tawi moja. Majina mengi ya zamani yamefutwa kwa kosa kama langu, kwa sababu mtu alikuwa na dume moja tu mkononi. Kusanyeni ishirini, wakubwa kwa wadogo.

Na lebo iandikwe palepale shambani: mahali, tarehe, mti, tawi lilikuwa juu au limelala chini. Slaidi yangu nzuri kuliko zote, dume kubwa, papasi zimenyooka, imeandikwa "Moshi, tawi kavu". Kila anayeiona ananiuliza mti gani.