Usiuze kiwanja: ninayowaambia wazazi kuhusu kusoma famakolojia

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yalipotoka, mtaa wetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, ulijaa poda nyeupe kama kila mwaka. Binti wa jirani yangu alifaulu, akamwagiwa poda hadi kwenye kope. Siku ya tatu baba yake alikuja, akakaa barazani kwangu, akazungukazunguka kwanza na bei ya maharagwe na shida ya maji, kisha akatoa lililomleta.

"Mama Docta, mtoto anataka kusoma mambo ya dawa. Nikiuza kile kiwanja cha Bagira, pesa zitatosha kumfungulia farmasi akimaliza?"

Mimi si daktari, ni mfamasia, lakini jina la Docta nimeshachoka kulikataa. Nikamjibu: asiuze kiwanja. Uso wake ulikunjamana, akadhani namdharau mtoto wake. Ikabidi nieleze mpaka chai ikapoa, na kwa kuwa kila mwaka kuna mzazi anayenijia na swali lilelile, nimeona niandike.

Kwetu Kongo, mtoto akitoka sekondari na diploma ya serikali haandikishwi famakolojia peke yake. Uingereza yapo mashahada ya kwanza ya somo hilo tupu. Huku kwetu unalikuta ndani ya famasia na ndani ya udaktari, na anayelipenda kweli analifuata baadaye kwenye masta na udokta. Kwa hiyo mtoto akisema "mambo ya dawa", muulize anawaza nini. Famasia inamfundisha dawa inavyotengenezwa, inavyopimwa, inavyotunzwa na inavyotolewa. Famakolojia inamuuliza maswali mawili tu, na yanatosha kumkosesha usingizi miaka yote: dawa inaufanya nini mwili, na mwili unaifanya nini dawa.

Mimi somo hilo lilinirudisha sesiyo ya pili, yaani mtihani wa marudio. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri, nikaimeza silabusi nzima, majina ya dawa mkono wa kushoto, madhara yake mkono wa kulia, kama mtoto wa katekesi. Nilipata 7 juu ya 20. Nililia, nikasema profesa hanipendi.

Likizo hiyo hiyo mama yangu mdogo, mwenye mimba ya miezi miwili, alishikwa na malaria. Wakati ule mjamzito wa miezi ya kwanza alipewa kwinini, na kwinini sisi watu wa Bukavu hatuhitaji kutambulishwa: magome ya kenkina, mti unaotoa kwinini, ni ya milima yetu, na kiwanda cha Pharmakina kiko hapa hapa mjini. Siku ya pili akasema masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki. Nikamwambia kwa kiburi cha msomi kwamba ni kawaida, dawa hiyo ndivyo ilivyo. Jambo hilo nililijua, lilikuwa kwenye silabusi. Jioni akaanza kutoka jasho, kutetemeka, kusema maneno yasiyoungana. Nyumba ikajaa watu. Wengine walisema malaria imepanda kichwani, wengine wakaanza kuomba.

Akaingia muuguzi mmoja mzee wa mtaani, hakugusa hata paji la uso. Aliuliza, "Leo amekula nini?" Hakuna aliyejua. Tangu asubuhi alikuwa akitapika. Mzee akaagiza sukari kwenye maji, na kwa kuwa mgonjwa bado aliweza kumeza, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Haikupita robo saa, mama mdogo akafumbua macho na kuuliza kwa nini tumejaa chumbani kwake. Ndipo tukampeleka hospitali.

Kushuka kwa sukari kulikuwa kwenye ukurasa uleule wa masikio kuvuma. Nilikuwa nimeupigia mstari mwekundu. Kwinini inaisukuma kongosho imwage insulini inayoshusha sukari ya damu, vijidudu vya malaria navyo vinakula sukari, mimba inaivuta, na mtu hajala tangu asubuhi: vitu vinne vimekutana kwa mtu mmoja, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nakumbuka orodha tu. Nilirudi sesiyo ya pili nikiuliza "kwa nini" kila mstari. Nilipata 14. Sijui kama profesa alianza kunipenda.

Basi hilo ndilo la kwanza ninalomwambia mwanafunzi: usisome jina la dawa bila kujua njia yake. Chukua artemeta na lumefantrini, ile dozi ya malaria kila nyumba hapa inaijua, vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne vinne mara sita kwa siku tatu. Kila mama ananiuliza kwa nini ammalizishe mtoto dozi wakati homa imekwisha siku ya kwanza. Jibu liko kwenye saa. Artemeta inaua vijidudu vingi kwa haraka, lakini baada ya saa chache nusu yake imeshatoka mwilini. Lumefantrini ni mpole, ila inakaa siku kadhaa, ndiyo inayofagia waliobaki. Ukikatiza dozi, umemfukuza mwizi ukaacha watoto wake ndani. Na tena lumefantrini inaingia vizuri mwilini ikikutana na mafuta. Ukimwambia mama ampe mtoto na maziwa, au baada ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, hiyo ni famakolojia, hata kama hakuna aliyekuitia mkutano.

Hesabu nazo haziepukiki, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Wanakimbia hisabati wakidhani dawa ni maneno. Dawa ikiwa na nusu-uhai wa saa 6, yaani kila saa 6 nusu yake inatoka mwilini, ukimeza miligramu 400, baada ya saa 6 zimebaki 200, baada ya saa 12 zimebaki 100, na baada ya nusu-uhai tano imebaki kama asilimia 3. Huo ndio mchezo rahisi. Figo zikiwa mbovu, mchezo unageuka, na dozi ile ile iliyoponya inakuwa sumu. Kemia ya mwaka wa kwanza, ile inayochosha, utaikuta tena mwaka wa tatu imevaa koti jeupe.

Kuhusu kuchagua chuo sitataja jina la mtu. Nilipitia kozi ambayo profesa alitoka mbali kwa ndege, akatufundisha wiki mbili asubuhi hadi jioni, akaacha mtihani kwa asistanti, akapanda ndege. Saa 60 zilimalizika na hatukuwa tumeona hata panya mmoja wa majaribio. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipa minerval, ile ada ya chuo, nenda chuoni siku ya kazi, omba kuona labo. Usiangalie vigae. Angalia kama kuna mwanafunzi ndani, kama mizani inawaka, kama kuna jenereta umeme ukikatika. Uliza walimu wangapi wanakaa hapa mjini. Hakikisha pia kwamba diploma yake inatambuliwa, maana bila hiyo Baraza la Wafamasia halitamwandika, na asiyeandikwa huko atabaki kufanya kazi nyuma ya jina la mwingine.

Sasa kazi. Farmasi ya mtaani ni kazi ya heshima, sikatai, lakini hapa kwetu utashindana na kila kibanda kinachouza amoksisilini kwa kidonge kimoja kimoja, na mwenye kibanda hana miaka ya shule ya kufidia. Kijana anayefungua farmasi mwaka wa kwanza baada ya diploma, bila kufanya kazi kwa mtu, namhurumia. Dawa zinamharibikia rafuni, ndugu wanachukua kwa mkopo, na kile kiwanja cha Bagira kinaishia hapo.

Mimi nilianzia depo, ghala la dawa, nikihesabu katoni. Hakuna poda wala shangwe huko. Kanuni ni moja: inayoharibika kwanza ndiyo inayotoka kwanza, hata kama katoni yake iko chini kabisa na mgongo unauma. Mikoa yetu ina vituo vikuu vya kusambaza dawa muhimu, ASRAMES kule Goma, CAMELU kule Lubumbashi, na vituo vya namna hiyo vinaishi kwa watu wanaojua dawa gani inavumilia joto la lori na gani lazima ibaki kati ya digrii 2 na 8. Oksitosini, kwa mfano, ile ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ikipata joto siku nyingi inapoteza nguvu bila kubadilika rangi. Chupa inabaki nzuri, mama aliyejifungua anaendelea kutoka damu.

Nikiwa depo nilikuwa na kaye, daftari la kurasa 96. Wauguzi wa vijijini wakija kuchukua dawa, nilikuwa nawauliza: ile ya mwezi jana, wagonjwa wamesema nini? Mmoja anasema vidonge vinavunjika, mwingine anasema mtoto alivimba midomo. Naandika tarehe, namba ya loti (fungu la dawa lililotengenezwa pamoja), umri, nini kilitokea baada ya muda gani. Wenzangu walinicheka, wakaniita polisi wa vidonge. Miaka miwili baadaye nilikwenda kwenye mahojiano ya nafasi ya ufuatiliaji wa madhara ya dawa. Kulikuwa na watu wenye maksi kunizidi. Waliniuliza nifanye nini nikisikia kwamba dawa imemdhuru mtu, nikatoa kaye mkobani. Mpaka leo nakula kwa hiyo kaye.

Kazi hiyo watu hawaijui, ngoja nieleze kwa mfano usio wangu. Mwisho wa 2014 kule Ituri watu walianza kufika vituoni shingo zimepinda, macho yameelekea juu, ulimi umetoka, taya zimekakamaa. Wengine wakashuku homa ya uti wa mgongo. Hadi Agosti 2015 walikuwa wamezidi 1,000. Vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza, vilipopimwa, ndani kulikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Aliyesoma famakolojia akiona shingo ile anakumbuka dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo: haloperidoli inaziba milango yake, na misuli inajikunja yenyewe. Tena diazepamu ya kweli ni mojawapo ya dawa zinazoweza kuilegeza misuli hiyo. Muuguzi mwenye moyo mzuri akifungua kopo lile lile kumtuliza mgonjwa, anamwongezea kilichomwangusha. Kazi ya kuona mambo kama hayo mapema, kukusanya ripoti na kuufuata unyayo wa loti, ina mshahara, na watu wake bado ni wachache. Nchi yetu sasa ina mamlaka yake ya dawa, ACOREP, na ukaguzi unahitaji vichwa na miguu.

Kuna majaribio ya dawa kwa wagonjwa pia. Novemba 2018, Ebola ikiwa Nord-Kivu, jaribio la dawa nne lilianza chini ya Profesa Muyembe na INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na wenzao wa nje. Agosti 2019 dawa mbili zilionekana kuzizidi nyingine, wakasimamisha mgawanyo wa zile zilizoshindwa. Mmoja wa washindi, mAb114, unatokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kati ya waliopewa, 35 kwa mia walikufa ndani ya siku 28, wakati kwenye dawa ya kulinganishia walikufa karibu 50 kwa mia. Desemba 2020 Marekani ikaiidhinisha. Mwenzangu mmoja tuliyesoma darasa moja alifanya kazi kwenye majaribio ya dawa, na ukimuuliza alikuwa anafanya nini atakwambia: kuandika joto la friji asubuhi na jioni, kuhesabu chupa tupu, kusoma fomu ya ridhaa kwa Kiswahili mpaka bibi aelewe. Hiyo ya mwisho, anasema, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na hakuna silabusi iliyomfundisha.

Wapo wanaoingia udelege, kutembeza dawa za makampuni kwa madaktari. Kuna pikipiki, kuna simu nzuri. Nilifanya miezi mitano, nikaacha siku niliyojikuta nasifu sharubati ambayo nisingempa mwanangu. Wengine wanaifanya kwa uaminifu, mimi nilishindwa.

Mwenye moyo wa utafiti asidhani lazima avuke bahari. Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko karibu na Bukavu, na bibi zetu wa Kabare wana majani ambayo hakuna aliyeyauliza yale maswali mawili. Akitaka masta, Kigali ina kituo cha Afrika Mashariki kinachofundisha mnyororo wa dawa na chanjo, lakini Kiingereza chake kiwe kimesimama. Mimi nilikianza nikiwa na miaka 29, kwa redio na kamusi iliyochanika, na bado kinanikwaza. Aanze sasa.

Mambo ya mshahara wa hospitali za serikali sitapamba. Wengi wanaishi kwa prime, yaani marupurupu, ya hospitali, wakingoja miaka jina lao litokee kwenye orodha ya serikali. Mwambie mtoto kabla hajaanza.

Baba yake alisikiliza yote, akauliza kama kiwanja akipangishe basi. Nikasema hilo waulize wa viwanja. Binti nilimpa karatasi ya ndani ya kasha la parasetamoli, nikamwambia aisome arudi na swali moja. Alirudi jana na manne. La tatu lilikuwa: kwa nini pombe na parasetamoli vinagombania ini? Nilivuta kiti kingine.